Chupa ya Kazija

Kabla ya adhana ya adhuhuri Kazija alishateremka ngazi kwenda chooni mara saba, na Bi Mashavu, mama mkwe wake, aliyekuwa jikoni juu ya mbuzi akikuna nazi, alizihesabu zote. Msimcheke. Mwanamke aliyeshuhudia mimba mbili za mkwewe zikitoka moja baada ya moja, kila mara mwezi wa saba ukishaingia tu, huhesabu kila kitu: hatua, pumzi, hata miayo. Na hii ilikuwa mimba ya tatu, na mwezi wa saba ulikuwa umeingia juzi.

"Kazija!"

"Labeka, mama."

"Unarudi tena huko?"

Kazija akasimama mlangoni, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Alikuwa msichana wa Mkokotoni, mrefu, mpole wa kauli, aliyeolewa mjini miaka minne nyuma. "Haja ndogo, mama. Inanibana, nikifika inatoka matone mawili. Na hayo matone yananiunguza kama nimetiwa pilipili. Naona haya hata kusema."

"Basi usiseme," Bi Mashavu akajibu, akaendelea kukuna. "Ni chango hicho, kimeamka. Ntakuchemshia dawa, na madafu utakunywa. Mambo ya chooni hayatangazwi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Bi Mashavu. Kwa Bi Mashavu maradhi yote ya mwanamke kuanzia kitovu kwenda chini yalikuwa chango, na dawa ya chango alikuwa nayo mwenyewe kabatini, mizizi ya kuchemsha, aliyoachiwa na mama yake. Hakuwa mtu mbaya, wallahi. Alimpenda Kazija kuliko alivyompenda mwanawe wa kumzaa, na mwanawe Simai alilijua hilo akamtania nalo. Lakini ubishi! Ubishi wake ungeweza kuuzwa kwa kibaba na bado akabaki nao.

Simai alikuwa Pemba, kapelekwa na serikali kutengeneza mitambo ya umeme, na kabla ya kupanda meli alimsimamia mama yake pale pale jikoni akamwambia: "Mama, kila Jumanne Kazija aende kliniki. Kila Jumanne. Wawili nshazika kwa mikono yangu, wa tatu simziki." Kwa neno hilo Bi Mashavu hakuwa na ubishi. Jumanne ikafika, wakaenda.

Muuguzi wa kliniki, Bi Tabia, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alimuuliza Kazija maswali ya kawaida, na Kazija, huku akiitazama sakafu, akayasema ya chooni yote. Bi Mashavu alihisi masikio yakimwaka moto. Mbele za watu! Kulikuwa na wanawake wanane wamekaa kwenye benchi, na wote wameacha kuzungumza.

"Afadhali umesema," Bi Tabia akamwambia. "Hivyo ni vijidudu. Havionekani kwa macho. Vinaingia njia ya mkojo, na kwa mwenye mimba havikai chini, vinapanda mpaka kwenye figo. Vikifika huko inakuja homa, na homa hiyo inalishtua tumbo la uzazi, linaanza kujikaza, mtoto anatoka hajatimu. Wewe umeshapoteza wangapi?"

"Wawili."

Bi Tabia akamtazama kidogo, kisha akafungua kabati akatoa chupa ndogo iliyochemshwa, yenye kizibo. "Kesho asubuhi, mkojo wa mwanzo. Jisafishe kwanza, mwaga kidogo, halafu ndiyo ukinge. Niletee mapema niupime. Dawa ipo, lakini sikupi kwa kubahatisha."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Bi Mashavu alitembea mbele. Vijidudu! Kama kwamba tumbo la mkwewe ni unga wa mgao, wa foleni ya serikali, uliopata wadudu! Lakini hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni ile chupa.

Maana katika nyumba ile, tokea enzi za bibi yake, kitu cha mwili wa mwenye mimba hakitoki nje. Kucha zinafukiwa, nywele zinafukiwa, kondo la nyuma linazikwa uani na jiwe juu yake. Bi Mashavu hakuamini kuwa mimba mbili zinatoka mwezi mmoja bila ya mkono wa mtu. Kuna mtu, alisema, kuna hasidi. Alikuwa hajamjua tu. Na leo anaambiwa autie mkojo wa Kazija kwenye kapu, apite nao vichochoro vyote vya mtaa wao wa Malindi, akauache juu ya meza ya watu asiowajua, pamoja na jina la Kazija limeandikwa juu! Kama ni kumtangazia hasidi, si angemkodia tarumbeta kabisa?

Asubuhi yake Kazija akamkabidhi chupa imefungwa kitambaa. "Utaipeleka, mama?"

"Naipeleka. We kajinyooshe."

Bi Mashavu akaingia chooni, akafunga komeo. Akaumwaga mkojo wa Kazija, akaisuuza chupa kwa maji mara tatu, akaitia wa kwake. Mimi mzee, alijiambia, tumbo langu limeshafunga, hasidi akiuchukua wangu ataufanyia nini? Atanizuia nini nisichozuiliwa? Akaona amefanya jambo la akili sana. Serikali imepata mkojo wake, Kazija amebaki salama, na madafu na dawa ya chango vitamaliza hayo mengine.

Hakutaka kuiacha chupa hata hivyo. Alisimama mezani mpaka Bi Tabia akaipima mbele yake. Bi Tabia aliweka tone chini ya darubini, akainama muda mrefu, akanyanyua kichwa. "Usaha wa vijidudu hamna," akasema, kama asiyeamini. Kisha akatia matone mengine kwenye kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ya buluu, akakipasha moto juu ya taa ya spiriti. Ile buluu ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, na manjano ikawa nyekundu kama tofali.

"Lahaula!" Bi Tabia akasema. "Huyu mkweo ana sukari. Tena nyingi."

Bi Mashavu akasogea mezani. Aliitazama ile nyekundu na akaijua ni ya nani. Akakumbuka kiu yake isiyokwisha, na namna anavyoamka mara tatu usiku kwenda haja, na mguu wake unaokufa ganzi. Hapo ndipo angelisema. Neno moja tu! Mlango ulikuwa wazi, Bi Tabia yuko peke yake, hata benchi lilikuwa tupu.

Lakini zama zile mtu mwenye akili zake haingii ofisi ya serikali akasema, nimekudanganyeni. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Ukikohoa vibaya kwenye foleni unaulizwa unamkoholea nani. Kubadilisha chupa ya hospitali wangeliita hujuma, na hujuma si neno la mchezo. Basi Bi Mashavu akafunga mdomo, akaiomba chupa yake, akapewa kadi imeandikwa kwa wino mwekundu, akaenda zake.

Na Kazija alikuwa anajua kusoma. Aliisoma ile kadi mara mbili. "Sukari?" akasema. "Kwetu hakuna mwenye sukari, mama." Lakini alikuwa mtiifu, maskini, na alimtaka mtoto huyu. Siku ile ile akaacha sukari katika chai, akaacha ndizi mbivu, akaacha hata madafu, wali akaupunguza ukawa kiganja kimoja. Bi Mashavu akimsukumia sahani. "Kula, mwanangu, hao wa kliniki wanazidisha." Kazija akitikisa kichwa. "Nshakula, mama. Inatosha." Na mama mkwe anakaa mbele yake na kikombe chake cha chai, vijiko vitatu vya sukari ya foleni, inampita kooni kama mchanga.

Kila siku alijiambia kesho ntasema. Jumanne iliyofuata walikwenda kliniki, lakini Bi Tabia alikuwa zamu ya wodi, na aliyekuwepo akaisoma kadi tu, akamwambia Kazija aendelee kujizuia. Siku kumi zilipita hivyo. Kuungua kukapungua, au Kazija aliacha kukusema, na Bi Mashavu akaanza kupumua.

Jumamosi, jua la saa saba, akasikia meno yakigongana chumbani. Alimkuta Kazija amejikunja juu ya kitanda, mashuka mawili juu yake na bado anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Akamgusa paji la uso, akautoa mkono kwa kasi.

"Kiuno, mama," Kazija akasema. "Upande huu. Kama napigwa mwichi wa kinu." Kisha akashika tumbo kwa mikono yote miwili, na Bi Mashavu akaliona tumbo linakusanyika, linakuwa gumu, linainuka upande mmoja, halafu taratibu linalegea. Alilijua hilo. Alilishuhudia mara mbili katika chumba kile kile.

"Mabrouk!" alipiga kelele dirishani. "Mabrouk we! Njoo!"

Mabrouk, jirani yao, hamali wa bandarini, alikuja na mkokoteni wake kwa sababu kichochoro kile hakipiti gari. Walimlaza Kazija juu ya godoro, wakamfunika kanga, Mabrouk akasukuma na Bi Mashavu akakimbia pembeni, yeye na mguu wake uliokufa ganzi, buibui limemtoka kichwani, hajali. Kila jiwe la njia Kazija aliguna. Kabla ya kufika hospitali tumbo lilishakaza mara nne.

Wodini daktari Mchina alikuwa chumba cha upasuaji, na maabara Jumamosi hufungwa saa sita. Aliyekuwepo ni msaidizi wake, Bakar, kijana mwenye miwani, na bahati nzuri Bi Tabia alikuwa zamu ya wodi wiki ile. Walimpima Kazija homa, wakatazamana. Wakamuomba mkojo, hakuna uliotoka. Alikuwa ameanza kusinzia, anaitwa anajibu nusu neno, anatapika maji matupu.

"Kadi yake?" Bakar akauliza.

Bi Mashavu akaitoa kifuani. Bakar akasoma wino mwekundu, uso ukamkaza. "Sukari imempanda kichwani. Usaha hana, kwa hiyo homa labda ya malaria, tutampa kwinini. Lakini sukari ndiyo itakayommaliza. Bi Tabia, lete sindano ya kushusha sukari."

Bi Tabia akasita. "Tumtie mpira kwanza, tupate mkojo tupime tena?"

"Unamuona alivyo? Akichelewa hapa atalala asiamke. Lete."

Bi Tabia akaenda kabatini. Bi Mashavu aliusikia ufunguo ukizunguka. Aliona kichupa kidogo kikitolewa, sindano ikitolewa kwenye chombo cha kuchemshia, ikikung'utwa maji. Akasogea kitandani.

"Mwanangu," akamwambia Bakar, na sauti yake mwenyewe hakuijua. "Sindano hiyo, akipigwa mtu asiyekuwa na sukari, inakuwaje?"

Bakar alikuwa akimfunga Kazija mkono, hakuinua hata uso. "Hasa mtu asiyekula kama huyu? Atakufa, bibi. Lakini huyu anayo."

Wodi ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wazazi kumi na wawili vitandani na jamaa zao chini, na askari mmoja aliyekuja kumtazama mkewe, amekaa na sare zake karibu na mlango. Bi Mashavu alimtazama yule askari. Akamtazama Kazija. Mtoto wa watu, alimpokea kwa vigelegele kutoka Mkokotoni, alimuogesha mwenyewe siku ya harusi. Tumbo likakaza tena chini ya kanga.

"Hanayo!" Bi Mashavu akasema. Ilitoka kelele, wodi nzima ikageuka. "Hana sukari! Usimpige! Mkojo ule si wake, ni wangu. Wa kwake niliumwaga, nikatia wa kwangu mimi. Mimi ndiye mwenye sukari. Nikamateni mnavyotaka, lakini mtoto huyu msimpige sindano hiyo!"

 Sindano ilikuwa mkononi mwa Bi Tabia, tone linaning'inia nchani.

"Kwa nini?" Bi Tabia akauliza, polepole.

"Nilichelea watu. Nilichelea watamfanyia kitu kwa ule mkojo."

"Ukanyamaza siku kumi?"

"Nikanyamaza."

"Nilikuonesha! Nilikwambia maneno yote, vijidudu, figo, mtoto kutoka kabla ya siku zake! Ulisimama mbele ya meza yangu, unaniangalia!" Bi Tabia macho yalishamjaa machozi. Akaitupa ile sindano kwenye beseni. "Bakar, mpira. Haraka."

Wakaweka pazia. Bi Mashavu akabaki nje, na wanawake wote wanamtazama, na yule askari pia. Hakuna aliyemwambia toka, hakuna aliyemwambia kaa. Bi Tabia akapita na kibakuli, na ndani yake Bi Mashavu akaona kitu cheupe kizito kama maji ya kuoshea mchele, kina harufu. Hakikufanana na mkojo. Alipotoka kwenye darubini yake ya kliniki Bi Tabia hakumsemesha, alimwambia Bakar tu: "Usaha tupu. Hata nafasi ya kuona haipo."

Basi Kazija akapigwa sindano nyingine, ya kuua vijidudu, na maji yenye sukari yakatundikwa, yakaingia mshipani kidogo kidogo, na Bakar akaandika kuwa sindano irudiwe kila saa sita. Daktari Mchina akaja na aproni yake ya upasuaji, akaweka tumboni kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo inahesabu. Bi Mashavu aliutazama ule mdomo kuliko alivyopata kutazama kitu chochote duniani.

"Yupo," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Mtoto yupo. Moyo unakimbia. Tunasubiri."

Wakasubiri. Alasiri tumbo lilikaza kila baada ya dakika tano, na Bi Tabia akaandaa beseni na pamba na chupa za maji moto za kumpasha mtoto, na kila alipopita hakumtazama Bi Mashavu. Magharibi ikawa dakika kumi. Kazija alitoa jasho likarowesha shuka, likabadilishwa, akalirowesha na la pili. Jumapili asubuhi homa ikaanza kushuka. Tumbo likakaza mara moja kabla ya adhuhuri, mara moja baada ya alasiri, na tokea hapo halikukaza tena.

Jumatatu Bi Tabia alikuja na kadi mpya, akavuta kiti. Kazija alikuwa amelala ubavu, macho amefumba, uso umemchongoka lakini pumzi imetulia.

"Hajavuka hatari bado," Bi Tabia akasema. "Vijidudu hivi vina tabia ya kurudi. Mkojo wake utapimwa kila wiki mpaka azae, na nitaukinga mwenyewe. Na wewe ukitoka hapa unapita chumba cha tatu, unatoa wa kwako, kwa jina lako, maana sukari uliyonayo si ya kuchezea."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa nijibu kitu, nataka kukiandika. Zile mimba mbili za mwanzo. Aliwahi kukwambia mkojo unamuunguza?"

Bi Mashavu akakitazama kitanda. Kazija alikuwa amelala. Zamani zile hakukuwa na kadi, hakukuwa na chupa, hakukuwa na shahidi. Askari alishaondoka na mkewe na mtoto wao. Hakuna aliyemshika sikio. Angeweza kusema hapana, na hapana hiyo ingeandikwa, ikawa ndiyo kweli mpaka siku ya kufa kwake.

"Alinambia," akasema. "Mara zote mbili. Ya kwanza nikampa dawa ya chango. Ya pili alitaka kuja hospitali, nikamwambia mwanamke hatangazi mambo ya chooni."

Bi Tabia akaandika. Aliandika polepole, akafunika kalamu. "Hatuwezi kujua kwa yakini," akasema, na kwa mara ya kwanza tokea Jumamosi sauti yake ilikuwa ya chini. "Huenda ilikuwa hivi hivi, huenda sivyo. Cha kupima hakipo tena." Akaondoka na kadi yake.

Bi Mashavu akageuka. Kazija alikuwa macho.

"Mama."

"Labeka, mwanangu."

"Simai anarudi lini?"

"Meli ya Alhamisi, inshallah."

"Mimi simwambii kitu," Kazija akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini mama mkwe. "Utamwambia wewe. Ya chupa, na ya wale wawili. Na mimi ntakuwepo, nasikiliza."

"Ntamwambia."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Haki ya Mungu."

Kazija akashusha pumzi. Chini ya kanga kitu kikapita, kikasukuma upande wa kulia, kikazama, kikasukuma tena. Mtoto alikuwa ameamka. Kazija akaweka kiganja chake pale, na uso wake kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu ukafunguka. Bi Mashavu akaunyoosha mkono wake, halafu akausimamisha hewani.

"Nnaweza?" akauliza.

Kazija akageuza kichwa. Alimtazama mama mkwe wake usoni, akautazama ule mkono, akamtazama tena usoni.

"Bado," akasema.

Bi Mashavu akaurudisha mkono wake mapajani, akakaa.